Vijeba UMISSETA: Tunagombania kombe, tunasahau bweni

KILA ikifika Juni, stori ya michezo ya shule huwa ile ile. UMITASHUMTA inaanza, UMISSETA inafuata, na kabla hata ya robo fainali kuna mkoa umeshakata rufaa. Huyu ni mamluki, hasomi shule ile. Yule ni kijeba, ana ndevu kama mjomba wa kipa wao. Kamati inakaa, makaratasi yanakaguliwa, timu inapokwa pointi au rufaa inatupwa, maisha yanaendelea.

Mjadala wetu huwa unaishia hapo hapo, kwenye matokeo. Nani kaonewa, nani alistahili kombe, mkoa gani una tabia ya kuchezesha watu wazima.

Ni mjadala halali, lakini unaangalia uwanjani tu. Mechi ina dakika zake, refa anapuliza filimbi, watu wanatawanyika. Baada ya hapo watoto wa miaka 14, 15 na 16 wanarudi bwenini. Wanakula pamoja, wanaoga pamoja, wanalala vitanda vya kugusana kwa siku nyingi mfululizo, mbali na wazazi, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani. Wanachofundishana huko ndicho wanachorudi nacho nyumbani. Kijeba anapoingizwa kwenye kikosi, kombe ni hasara ndogo kuliko zote.

HESABU YA MADOGO

Tupige hesabu ndogo. Tanzania Bara ina mikoa 26. Tuseme kila mkoa unapeleka UMISSETA wavulana 18 wa soka. Hao ni 468 kwa mwaka mmoja, kwa mchezo mmoja, bila kugusa wasichana, netiboli, wavu, mikono, kikapu, riadha, ngoma na kwaya.

Ligi Kuu Bara ina timu 16. Tukiipa kila timu wachezaji 28, jumla ni 448. Yaani madogo wa UMISSETA moja tu wangejaza ligi nzima na 20 wakabaki nje. Na hapo tumejifanya nafasi zote ziko wazi, wakati tunajua kuna wakongwe hawajatundika daluga na kuna wageni wanaoshuka kila dirisha la usajili.

Maana yake ni kwamba wengi wa hawa watoto hawatalipwa hata shilingi kwa kucheza mpira. Watakuwa walimu, wahasibu, mafundi, wakulima, madereva wa bodaboda. Michezo ya shule haitawapa mkataba. Itawapa tabia na marafiki. Ukiipima UMISSETA kwa idadi ya mastaa iliyotoa, umepima sehemu ndogo sana ya kazi inayofanya.

RIKA NI KOCHA WA PILI

Kocha wa timu ya shule anakuwa na mchezaji wake kwa saa mbili hivi kwa siku, na hiyo ni kama mazoezi hayakuvunjwa na mvua. Ukitoa darasa na usingizi, muda mwingine wote dogo yuko na wenzake. Hao ndio wanaomwambia kama ni jasiri au mwoga, kama kusoma ni ujanja au ushamba.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha matokeo ya jaribio moja ambalo kila kocha wa vijana angepaswa kulijua. Walichukua watu 306 wa makundi matatu: wenye miaka 13 hadi 16, wenye 18 hadi 22, na wenye 24 na kuendelea. Wakawachezesha gemu la gari kwenye kompyuta. Taa ya njano ikiwaka unaamua: usimame, au uendelee kuokota pointi ukijua wakati wowote unaweza kugonga ukuta.

Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wa rika lao pembeni. Wenzao walipokuwepo, vijana walibahatisha zaidi, na wale wadogo ndio waliobadilika zaidi. Watu wazima hawakutikiswa sana na nani anawaangalia.

Anayefuatilia soka la vijana hahitaji kompyuta kulielewa hilo. Winga wa miaka 16 mazoezini anapiga pasi yake rahisi, mpira unatembea. Siku ya mechi darasa zima limejaa pembeni ya uwanja, anataka kupiga chenga watu wanne na kipa. Akili hiyo hiyo ndiyo inayoamua usiku, mwenzake anapomnong'oneza, "mwana, turuke ukuta, kuna muziki pale senta."

Lakini nguvu hiyo haina upande mmoja. Mwenzako anayekuvuta kuruka ukuta ana nguvu sawa na anayekuvuta kumaliza hesabu za mock kabla ya kulala. Lionel Messi alifika Barcelona mwaka 2000 akiwa na miaka 13, mkimya kupita kiasi. Wenzake wa kizazi cha 1987, akina Gerard Piqué na Cesc Fàbregas, wamesimulia hadharani kwamba mwanzoni walimdhania bubu. Aliyemfungua hakuwa mwalimu wa saikolojia. Ni safari ya timu, gemu la PlayStation na watoto wenzake wakimtania mpaka akatania na yeye.

MICHEZO SI DAWA YA KILA KITU

Kwenye hotuba za ufunguzi huwa tunaambiwa michezo inawaepusha vijana na makundi mabaya. Inapendeza kusikika, ila ukweli una kona nyingi zaidi.

Mwaka 1999 Jacquelynne Eccles na Bonnie Barber walitoa utafiti kuhusu vijana wa jimbo la Michigan waliofuatiliwa tangu wakiwa darasa la sita. Waliokuwa kwenye timu za michezo waliipenda shule zaidi, alama zao zilikuwa nzuri zaidi na wengi waliendelea na masomo ya juu. Hapo kila mtu anapiga makofi. Ila vijana hao hao wa michezo walikunywa pombe zaidi kuliko wenzao, wakati waliokuwa kwenye shughuli za kanisa na za kujitolea walikunywa kidogo. Maelezo yao ni kwamba kila shughuli inakuja na kundi lake, na kundi linakuja na mazoea yake. Ukiingia kwenye timu umepata mchezo, na umepata ukoo pia.

Mwaka uliofuata, Joseph Mahoney na Håkan Stattin walitazama vijana wa miaka 14 nchini Sweden. Walioshiriki shughuli zenye ratiba, zenye lengo na zenye mtu mzima anayeongoza walikuwa na utovu mdogo wa nidhamu. Waliokuwa wakienda kwenye kumbi za vijana ambako mtu anakaa tu, anacheza pool, hakuna mpango wowote, walikuwa na matatizo zaidi. Haina maana kwamba ukumbi ndio uliowaharibu, maana huenda watukutu ndio waliovutwa kwenda pale. Lakini kila mzazi wa Kitanzania anajua watukutu wanaokusanyika bila mkubwa mwenye ratiba wanafundishana nini.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu wa michezo lina sehemu mbili: je, mwanangu anacheza? Na je, anacheza na nani, chini ya nani? Kijeba anaharibu jibu la sehemu ya pili.

BIASHARA YA UMRI

Tanzania inaujua uchungu wa umri kutoka pande zote mbili. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gambia. Wakaondolewa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri, nafasi ikaenda Zimbabwe. Kizazi kizima cha madogo kikakosa mashindano kwa sababu ya karatasi moja.

Miaka 12 baadaye upepo ukageuka. Congo-Brazzaville ilitutoa uwanjani katika mechi za kufuzu, lakini mchezaji wao mmoja hakufika kwenye kipimo cha MRI alichoitwa na CAF. Congo ikaondolewa, Serengeti Boys wakaenda Gabon 2017. Mwaka 2019, baada ya fainali kuchezwa hapa hapa Dar es Salaam, Guinea iliyokuwa ya pili nayo ilinyang'anywa tiketi ya Kombe la Dunia nchini Brazil, wachezaji wake wawili walipobainika kutumia tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia awali katika mashindano ya Japan. Senegal ikachukua nafasi.

MRI ya kifundo cha mkono, ambayo FIFA ilianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009, inaangalia kama mfupa umeshamaliza kukua. Inafanya kazi yake, lakini iko juu kabisa ya ngazi. Kule chini, wilayani na mkoani, kinachotegemewa ni cheti, barua ya mkuu wa shule na macho ya wapinzani. Na kule chini ndiko watoto waliko wengi.

SIRI YA BWENINI

Fikiria dogo wa kidato cha pili, miaka 15, hajawahi kulala nje ya wilaya yake. Kitanda cha pembeni yake yuko straika wa miaka 21. Alishamaliza shule, anacheza ndondo kwa posho, kaletwa kwa jina la mwanafunzi mwingine ili mkoa upate mabao.

Huyo straika si lazima awe mtu mbaya. Anaweza kuwa mkarimu na mcheshi. Tatizo ni kwamba anaishi maisha ya miaka 21. Ana mpenzi, anajua baa, ana simu yenye akaunti ya kubeti. Na kwa kuwa yeye ndiye anayefunga, ndiye shujaa wa bweni. Sheria inasema aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, lakini sheria haijui kitanda cha juu na cha chini. Dogo anachagua timu, kaka anaweka kwenye simu yake, mkeka ukitiki wanagawana, ukichanika wanacheka. Dogo anarudi nyumbani akijua kupanga mkeka wa timu 12, na mama anauliza tu kama walifika nusu fainali.

Kuna mazito zaidi. Mtoto kutumwa kufua jezi za mkubwa, kunyang'anywa posho, kupigwa, au kufanyiwa mambo ambayo hajui aanzie wapi kuyasema. Atamshtaki nani? Ukisema kuna mtu mzima chumbani, umeiondoa timu yako mashindanoni. Mtoto anawekwa mahali ambapo kujilinda ni kuwasaliti wenzake.

Halafu kuna uongo wenyewe. Siku ya ukaguzi watoto wanapangwa: mkiulizwa, huyu anaitwa fulani, yuko kidato cha tatu, mwalimu wake wa darasa ni fulani. Wanafunzi 17 wanakariri uongo mmoja, na aliyewakaririsha ni mwalimu. Baada ya miaka michache watoto hao hao tunawalaumu kwa kughushi vyeti vya kazi na kuuza mechi. Walianzia wapi?

Kijeba naye anapoteza. Muda ambao angejifunza ufundi, angejaribu timu za Championship au First League akapambana na watu wa umri wake, anautumia kufunga mabao dhidi ya watoto. Akitoka hapo akakutana na beki wa umri wake, anagundua alichokuwa nacho ni kilo tu, mpira hana.

MCHANGANYIKO SI DHAMBI

Kuna watakaosema mbona sisi mtaani tumekua tukicheza chandimu na wakubwa, na ndiyo iliyotukomaza. Ni kweli. Kucheza na mkubwa kunamfundisha mdogo kufikiri haraka, na kumlinda mdogo kunamfundisha mkubwa uungwana. Ila mtaani kaka anajulikana ni kaka. Mama yake anajulikana, nyumba yao inajulikana, akimwonea mdogo jioni shangazi anapita kuuliza. Usiku kila mmoja analala kwao. Kwenye bweni la mashindano kaka amevishwa jina la mtoto, kwa hiyo hata wajibu wa ukaka hana.

Pia tusiwachanganye vijeba na wanafunzi halali waliochelewa shule. Kuna maeneo, hasa ya wafugaji na vijijini, mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa au 10, na akifika kidato cha nne ana 19. Huyo hajadanganya mtu. Anastahili kucheza kwenye michezo ya shule yake kama kanuni zinamruhusu, na anastahili kutajwa kwa umri wake wa kweli. Hata unahodha anafaa kupewa, awe mkubwa anayejulikana. Tukimlazimisha naye adanganye ili acheze, tumempoteza mtu ambaye angekuwa msaada mkubwa kwa wadogo.

TIMU ZILIZOTUONYESHA NJIA

Wale Serengeti Boys wa 2017 hawakuvuka makundi. Walitoka sare ya bila kufungana na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0, na Niger ikapita kwa ushindi huo ingawa pointi zilikuwa sawa. Kwa matokeo, timu ile ilifeli. Lakini walikuwa wamekaa na kusafiri pamoja, hadi mashindano ya Goa, India, mwaka 2016. Ndani yake walikuwemo Dickson Job, Kibwana Shomari, Nickson Kibabage na Israel Mwenda. Wote wanne walikuja kuwa wachezaji wa Ligi Kuu, na wote wanne wamepita Yanga. Kipaji walikuwa nacho, ila madogo wa rika moja wanaokua pamoja kwa muda mrefu wanabebana: mmoja akipanda, mwingine anaona kumbe inawezekana.

Kwa wasichana jambo hili ni zito zaidi. Oktoba 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India. Japan iliwapiga 4-0 mechi ya kwanza. Timu nyingi za watoto huvunjika hapo, watu wanaanza kunyoosheana vidole. Wao wakaamka wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali kabla ya kutolewa na Colombia kwa 3-0. Kupigwa nne kisha kusimama tena siku chache baadaye ni kazi ya miguu na ya urafiki pia. Na kwa msichana wa Kitanzania anayecheza mpira huku jirani akimuuliza ataolewa lini, mara nyingi mtu wa kwanza kumwambia endelea ni mchezaji mwenzake.

KIFANYIKE NINI

Fainali za AFCON 2027 zinakuja hapa nyumbani, Kenya na Uganda. Kila kiongozi atakayesimama jukwaani atataja vipaji vya shuleni. Ni vizuri. Ila kuna mambo ya kufanya ambayo hayahitaji uwanja mpya wala mfadhili.

Kwanza, vyumba vipangwe kwa umri, na orodha ya nani analala wapi iwe kwa mkuu wa msafara na ibandikwe mlangoni. Ni kazi ya karatasi moja na kalamu.

Pili, kila msafara uwe na mwalimu wa malezi asiyehusika na kupanga kikosi, mmoja wa wavulana na mmoja wa wasichana. Kocha anataka kushinda, kwa hiyo si mtu sahihi wa kuambiwa kwamba straika wake anamsumbua mtoto. Mtoto awe na mlango mwingine wa kubisha.

Tatu, adhabu ya kijeba iwaangukie waliomleta. Timu ikiondolewa, mwalimu na ofisa aliyesaini fomu nao waondolewe kwenye michezo kwa miaka kadhaa, majina yao yatangazwe. Kwa sasa anayelia uwanjani ni dogo wa miaka 15 ambaye hakusaini kitu, huku aliyesaini akijipanga kwa mwakani. Na mtoto atakayesema ukweli kuhusu mtu mzima chumbani alindwe, aruhusiwe kuendelea kucheza.

Nne, tuwapime walimu wa michezo kwa kitu kingine zaidi ya vikombe. Wangapi kati ya wachezaji wako wa mwaka juzi wamemaliza kidato cha nne? Wangapi bado wanacheza, hata mchangani? Mkoa unaoweza kujibu maswali hayo unafanya kazi, hata kama ulitolewa kwenye makundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule iliwahi kusimamishwa nchini, na moja ya hoja ilikuwa kwamba inavuruga masomo. Ilirudi baada ya kelele nyingi. Wanaoiharibu leo kwa vijeba na mamluki wanawapa silaha wale watakaotaka kuifuta tena kesho, na safari hii wazazi watakuwa upande wao.

Kwa mzazi anayesoma hapa, mwanao akirudi kutoka mashindanoni muulize matokeo, ndiyo, maana atakuwa na hamu ya kukusimulia lile bao. Kisha muulize alilala chumba kimoja na nani, mwenzake huyo anasoma shule gani, na usiku walikuwa wanafanya nini. Akijibu haraka huku anacheka, mshukuru mwalimu wake. Akinyamaza, kesho asubuhi nenda shuleni.